Tofali la Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Redio ya Monika ilitoa habari hiyo saa sita na nusu mchana, kati ya tangazo la mbolea na tangazo la msiba. Mtangazaji alisema kwamba namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani ina tarakimu zaidi ya milioni arobaini na moja, na haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Kisha akasoma jina la marehemu na mahali pa mazishi.

Tulikuwa kijiweni kwetu Malangali, nyuma ya kibanda cha fundi simu, mahali ambapo upepo wa Julai hufika ukiwa umeshachoka. Benchi letu ni la watu watatu na sisi ni wanne. Nne gawanya kwa tatu ni moja, inabaki moja, na hiyo inayobaki ni mimi. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja nimekaa juu ya tofali la kuchoma, pembeni ya jiko la Monika muuza kahawa. Tofali hilo aliniletea Valerian kwa baiskeli kutoka Mollo siku niliyostaafu. Lina alama ya msalaba ubavuni, kama matofali yote yanayotoka kwenye kibao cha kufyatulia cha marehemu baba yake. Wakati huo lilikuwa bapa. Sasa lina umbo langu.

"Milioni arobaini na moja za nini?" aliuliza Kashinje. Huyu tunamwita Mnada, kwa sababu tangu ahamie huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga hajakosa mnada hata mmoja, ukiwamo ule ulioahirishwa.

"Tarakimu, mzee," alisema Amos. "Yaani kuiandika tu hiyo namba. Thamani yake ni habari nyingine."

Amos ndiye fundi simu mwenyewe. Tunamwita Betri. Anachaji simu za mtaa mzima, na yake haijawahi kuvuka asilimia ishirini.

"Nani kaihesabu?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Za watu wengi, zimeunganishwa."

"Basi wamegawana lawama," alisema Mnada, akarudi kwenye kahawa yake.

Nikawaambia kwamba ukiisoma namba hiyo, tarakimu moja kwa sekunde moja, bila kula wala kulala, utaimaliza siku ya mia nne sabini na tano.

"Mzee Mnyororo, hiyo umebuni," alisema Betri.

"Nimepiga hesabu."

"Saa ngapi? Habari imetoka sasa hivi."

"Wakati wewe unauliza."

Mnyororo ndilo jina langu la hapa. Nimewavutia wapima ardhi mnyororo miaka thelathini na mmoja, kuanzia huku mjini mpaka Msanzi na kuteremka. Shule sikufika mbali. Hisabati nimejifunza kwenye kitabu nilichokiokota porini kikiwa hakina jalada wala kurasa kumi za mwanzo, kwa hiyo hisabati yangu inaanzia ukurasa wa kumi na moja. Imenitosha. Mimi ndiye niliyegundua kwamba kwa baridi ya Ufipa mnyororo wa chuma hujikunyata asubuhi, na ndiyo maana shamba lililopimwa saa moja asubuhi ni kubwa kuliko hilohilo likipimwa saa nane. Kuna familia mbili Msanzi hazisalimiani mpaka leo kwa sababu moja ilipimiwa kabla ya uji na nyingine baada ya ugali.

"Namba isiyogawanyika ina faida gani?" Mnada hakuwa amemaliza. "Ni sawa na ng'ombe asiyekamuliwa, asiyelima na asiyechinjwa. Unamfuga wa nini?"

"Namba tasa ndizo zinazofunga siri kwenye simu, mzee. Sio kubwa hivyo, lakini ni za ukoo huo."

"Simu yako wewe ina siri gani? Haina hata chaji."

Hapo ndipo Valerian alipofika. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye nafasi yake ya benchi bila kumsalimu mtu. Mfipa akikaa bila kusalimia, ama amefiwa ama ametoka ofisini.

"Nani kafa?" aliuliza Monika.

"Hakuna aliyekufa. Nipe kahawa."

"Basi umetoka ofisini."

Valerian ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi kule kwao Mollo. Tunamwita Lenta, maana kwa miaka miwili sasa, ukimuuliza habari za nyumbani, anakujibu kwamba wananchi watapandisha ukuta mpaka lenta, halafu serikali italeta mabati. Ukimuuliza habari za mke wake, anakujibu hivyohivyo. Lakini hatumcheki sana. Mwaka jana binti yake, Herieth, alishikwa na uchungu shambani, akapakiwa kwenye trela la trekta kwenda mjini, na mtoto hakusubiri mji. Mtoto ni mzima, ana meno manne. Anaitwa jina zuri la ubatizo, lakini ukimwita Trela anageuka. Na Herieth sasa ana mimba nyingine ya miezi mitatu.

"Mabati yapo," alisema Lenta. "Nimeyaona kwa macho yangu, yamefungwa, yako ghalani. Yanakwenda popote penye tofali zilizoingizwa kwenye mfumo leo kabla ya saa tisa. Na sisi tofali tunazo, ziko pale bondeni kwenye matanuri, zimeshaiva."

"Sasa tatizo?"

"Mfumo unazikataa."

"Zimevunjika?"

"Hazigawanyiki."

Betri alinitazama. Mimi niliitazama redio, ambayo sasa ilikuwa inapiga kwaya.

Lenta akaeleza, na mimi ninaeleza kama alivyoeleza, isipokuwa nimeondoa maneno aliyoyasema kwa Kifipa. Serikali inalipa trekta la kusomba matofali kutoka bondeni hadi kiwanjani. Fomu ya mfumo ina visanduku vitatu. Cha kwanza ni jumla ya matofali. Cha pili ni idadi ya safari. Cha tatu ni matofali kwa kila safari. Cha pili ukikizidisha na cha tatu, lazima kilete cha kwanza sawasawa. Kisipoleta, kitufe cha kutuma hakiwaki.

"Jumla ni ngapi?"

"Thelathini elfu na thelathini na moja."

"Safari sitini, tofali mia tano mia tano," alisema Betri.

"Thelathini elfu kamili. Zinabaki thelathini na moja."

"Safari ya mwisho iwe na pungufu."

"Mfumo hauijui safari pungufu. Nimemwambia kijana wa mfumo kule ofisini, akaniambia safari ni safari."

"Punguza tofali moja basi. Uandike thelathini elfu na thelathini. Hiyo inagawanyika mpaka na vidole."

Lenta alikunywa kahawa kwanza.

"Hilo nililisema saa nne asubuhi. Jumla imeshaingizwa, imesainiwa na mimi, imegongwa mhuri. Ikishaingizwa ni mali ya serikali. Akaniambia, mwenyekiti, kupunguza tofali la serikali ni wizi."

Jibu hilo tuliliheshimu.

"Andika safari moja," alisema Betri. "Safari moja, tofali zote thelathini elfu na thelathini na moja."

"Nimeandika. Mfumo ukasema jaza zaidi ya moja."

"Basi geuza. Safari thelathini elfu na thelathini na moja, tofali moja moja."

"Ukasema jaza zaidi ya moja."

"Hii namba imelogwa."

"Wewe Betri, usiseme neno hilo ukiwa Sumbawanga," alisema Monika. "Watu watakuja na kamera."

Nikaomba karatasi. Monika alinipa kipande cha mfuko wa saruji anachofungia maandazi, nikatoa penseli yangu ya upimaji, iliyobaki urefu wa njugu. Saa ya Betri ilisema saa saba na dakika kumi.

"Tunaanza na mbili," nikasema.

"Inabaki moja," alisema Lenta. "Hiyo hata mimi naiona. Imeishia na moja."

"Tatu."

Nikagawanya. Ikabaki moja.

"Nne," alisema Mnada.

"Nne hatuigusi. Nne ni mtoto wa mbili. Baba akikataliwa mlangoni, mtoto haingii. Tano."

Ikabaki moja.

"Sita?"

"Mtoto wa mbili na tatu. Wazazi wote wamekataliwa. Saba."

Ikabaki moja. Lenta alisogea mpaka ukingoni mwa benchi kuangalia penseli yangu, kama anayeshuku kwamba ndiyo inayoitoa hiyo moja.

"Kumi na moja."

Ikabaki moja.

"Kumi na tatu."

Nilipiga hesabu mara mbili, kwa sababu nilianza kuona aibu. Ikabaki moja.

Mnada alikohoa, akatazama miti. Wakati huo sikuliona hilo kuwa ni jambo. Mzee wa ng'ombe akitazama miti, unajua anawaza majani.

"Ndugu zangu," nikasema, na nikaweka penseli chini taratibu, kama nilivyokuwa nikiweka kigingi cha mpaka. "Nimewahi kuona namba kaidi. Nimepima shamba moja kule Msanzi, mwenye nalo alikufa, shamba likakataa kugawanywa kwa watoto, tukipima likiwa refu, tukirudi likiwa pana. Lakini hii imezidi. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, wote wameingia na wote wameacha tofali moja mlangoni. Hii ni namba tasa. Ni mjukuu wa ile ya redioni."

"Namba tasa kwenye fomu ya wodi ya wazazi," alisema Monika.

Hakucheka mtu. Lenta alisimama, akaanza kufunga koti. Alilifunga vibaya, kifungo cha pili kwenye tundu la kwanza, na hakurekebisha.

"Nitamwambia nini Herieth," alisema, na hakumwambia mtu yeyote.

Nakiri kwamba mimi nilikuwa nimeridhika kidogo. Si kila siku mtu anaigundua namba tasa akiwa amekaa juu ya tofali. Monika ndiye aliyeniharibia. Alikuwa anafuta vikombe, hata hakuinua macho.

"Baba, umejaribu namba ngapi?"

"Sita."

"Mimi wakipita wateja sita wasinunue, nifunge biashara?"

Nikamwambia kwamba zile sita si wateja wa kawaida, ni wakuu wa namba.

"Na baada yao hakuna wengine?"

"Wapo."

"Basi endelea. Lenta, kaa. Na kifungo chako."

Lenta alikaa. Betri alitoa simu yake, akasema ina asilimia tisa na kikokotoo ndani, tuharakishe. Nikamwambia tunaruka zote ambazo ni watoto wa wengine, tunajaribu tasa peke yake.

"Kumi na saba."

"Inatoka na mkia," alisema Betri. Mkia ndilo jina tulilozipa tarakimu zinazofuata nukta. "Mkia mrefu, umejaa kioo kizima."

"Kumi na tisa."

"Mkia."

"Ishirini na tatu."

"Mkia."

"Mpaka lini?" aliuliza Lenta. "Namba ziko nyingi. Redio imesema milioni arobaini na moja."

Hapo nikamfundisha kitu ambacho kiko kwenye ukurasa wa hamsini na mbili. Vigawo vya namba huenda wawili wawili, mume na mke. Mia moja ina mbili na hamsini, ina nne na ishirini na tano, ina kumi na kumi mwenzake. Mmoja akiwa mrefu, mwenzake ni mfupi. Wote wawili hawawezi kuwa warefu, maana watatoboa paa. Sasa namba yetu hii, ukichukua mia na sabini na tatu ukaizidisha kwa yenyewe, hujaifikia. Ukichukua mia na sabini na nne, umeipita. Kwa hiyo kama ina mume na mke, lazima mmoja wao asizidi mia na sabini na tatu. Tukifika hapo hatujapata mtu, hakuna ndoa, tunakwenda nyumbani.

"Nyumbani kwangu nitarudije," alisema Lenta. "Wananchi wamejipanga barabarani."

"Ishirini na tisa," nikasema.

"Mkia."

"Thelathini na moja."

"Mkia, na asilimia saba."

"Thelathini na saba."

"Mkia."

"Hebu nauliza," alisema Mnada. "Kwani lazima hiyo moja iwepo? Mtu akisema tu kwamba haipo?"

"Mzee Mnada, imegongwa mhuri," alisema Lenta. "Na wewe ndiye uliyeihesabu."

"Ndiyo. Nilihesabu vizuri."

"Basi ipo."

Mnada akatazama tena miti.

Hilo linahitaji maelezo. Matofali yaliletwa na kaya za Mollo, Wafipa watupu isipokuwa kaya chache za wafugaji, na Wafipa hawakukubaliana nani ayahesabu. Wa juu ya barabara walisema wa chini wataongeza, wa chini wakasema wa juu watapunguza. Wakakubaliana kwamba ahesabu Kashinje, kwa kuwa hana ndugu upande wowote, na kwa kuwa mtu anayejua ng'ombe wake wote kwa sura hawezi kushindwa na matofali. Alihesabu siku mbili, peke yake, kwa fimbo. Siku ya tatu akataja jumla mbele ya mkutano, na wote wakapiga makofi.

"Arobaini na moja."

"Mkia."

"Arobaini na tatu."

"Mkia. Mzee, asilimia tatu."

"Arobaini na saba."

"Mkia."

Saa nane na nusu ilikuwa imeshapita. Monika alizima redio bila kuombwa.

"Hamsini na tatu."

"Mkia wa..." alisema Betri, na simu ikaaga dunia mkononi mwake. Aliigeuza, akaitazama mgongoni, kama fundi anayeiona simu ya kwanza maishani.

"Una kibanda kizima cha chaja hapo," alisema Monika.

"Zote zina simu za watu."

Nikaokota penseli. Iliyofuata ilikuwa hamsini na tisa. Kugawanya kwa hamsini na tisa kwa mkono si kazi ya mtu mwenye miwani ya kuazima, lakini nilijikunja. Hamsini na tisa mara mia tano ni elfu ishirini na tisa na mia tano. Toa hiyo, zinabaki mia tano thelathini na moja. Hamsini na tisa mara tisa.

Niliacha kuandika.

"Inabaki ngapi?" aliuliza Lenta. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya jeneza.

"Haibaki."

"Haibaki ngapi?"

"Haibaki kitu. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Ni thelathini elfu na thelathini na moja, kamili, bila mkia."

Betri alichukua karatasi, akazidisha mwenyewe kwa kidole hewani, midomo ikimcheza. Akaitikia kwa kichwa. Lenta alikuwa ameshatoa simu yake ya kitochi na kumpigia kijana wa mfumo.

"Hamsini na tisa," alisema kwenye simu. "Ndiyo, safari. Tano, sifuri, tisa. Tofali. Jaza." Akasubiri. Sote tulisubiri. Hata maji ya kahawa nayaona kama yaliacha kuchemka, ingawa Monika anakataa. "Kimewaka? Rangi gani? Kibonyeze. Bado hujakibonyeza? Kibonyeze, mwanangu."

Akashusha simu.

"Imekwenda," alisema.

Saa ya Betri ilikuwa saa tisa kasoro dakika sita.

Mnada alisema kwamba kama angeulizwa yeye, angegeuza: safari mia tano na tisa, tofali hamsini na tisa, kwa mkokoteni wake. Ng'ombe wake wakivuta sitini wanagoma, hamsini na tisa hawana neno. Lenta alimwambia imeshakwenda. Akaagiza kahawa ya wote kwa mkono mpana, akakaa sawasawa kwenye benchi, na sasa akamsalimu kila mtu kwa zamu, akianza na mimi, kama ndiyo kwanza amefika.

"Jumatatu anakuja mkaguzi," alisema akiwa ametulia. "Anahesabu moja moja, analinganisha na mfumo, anatia saini. Nikikutwa na tofauti, mimi nimedanganya serikali, na mabati yanatupita. Lakini tofauti itoke wapi."

"Hizo tofali kila kaya ilitoa ngapi?" aliuliza Monika.

"Mia na kumi. Mia za ukuta, kumi za kuvunjika."

"Kaya ngapi?"

"Mia mbili sabini na tatu. Hakuna aliyezidisha, hakuna aliyepunguza. Nilisimamia mwenyewe."

Mimi nina ugonjwa. Mtu akitaja namba mbili mbele yangu, mkono unazidisha. Nikazidisha pembeni ya karatasi, chini ya doa la mafuta ya andazi. Mia mbili sabini na tatu mara mia na kumi ni thelathini elfu na thelathini.

Nikazidisha tena.

"Lenta," nikasema. "Ni thelathini elfu na thelathini."

"Na moja."

"Bila moja."

Upepo ulizunguka kibanda, ukatukuta. Mmoja mmoja tuligeuka kumtazama Kashinje, na safari hii hakukuwa na miti ya kutosha.

"Baba yangu," alisema polepole, "alinifundisha kwamba idadi kamili ya kitu haitamkwi. Ukiitamka kamili, umeielekeza hasara njia. Ng'ombe wakiwa arobaini, unasema arobaini na mmoja. Hasara inakuja usiku, inamtafuta yule wa arobaini na moja, inamkosa, inarudi kwao."

"Haya ni matofali, Mzee Mnada," alisema Betri.

"Hasara haichagui."

"Yaani siku zote hizi, kumbe wewe ng'ombe wako..." Betri alikuwa ameshaacha habari ya matofali. "Kwani wako wangapi hasa?"

"Unataka niongeze au nipunguze?"

Lenta alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ile inayobaki," alisema. "Mbili inabaki, tatu inabaki, saba inabaki. Ile moja tuliyokuwa tunaikimbiza tangu saa saba."

"Haikuwepo," nikasema.

"Na wewe ulikuwa umekaa hapa unatusikia."

"Nilitaka kusema," alisema Mnada. "Lakini nilifurahi. Ile moja imeilinda namba vizuri sana. Hata nyinyi na simu mlihangaika. Hasara ingetoka jasho."

Hilo lilikuwa kweli. Angetaja thelathini elfu na thelathini, ingegawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu, na Lenta angekuwa nyumbani tangu saa nne anapiga mluzi. Sasa mfumo una tofali moja ambalo bonde halina, na Jumatatu mkaguzi anakuja kulitafuta.

"Kupunguza tofali la serikali ni wizi," alisema Monika. "Kuongeza je?"

"Kuongeza ni mchango," alisema Lenta, akainua kichwa. Kisha akakiinamisha tena. "Lakini halipo la kuongeza. Fomu imeandika tofali zenye alama ya msalaba, za kibao cha baba. Kibao chenyewe kiliungua kwenye tanuri la mwisho, mtu alikitupia humo akidhani kuni. Hakuna tofali jingine la msalaba duniani."

Sijui nani aliyeanza kunitazama. Nadhani ni Monika. Halafu Betri, halafu Mnada, na mwishowe Lenta. Hawakunitazama usoni. Walinitazama chini.

"Hapana," nikasema.

Waliendelea kulitazama tofali.

"Miaka kumi na mmoja. Limeshazoea."

"Mzee," alisema Lenta taratibu. "Herieth ana miezi mitatu. Imebaki sita, tunaezeka."

Nilisimama. Lilikuwa bado na joto. Lenta alilipangusa kwa mkono wa koti, akalipindua, na msalaba ulikuwepo ubavuni, umefifia upande wangu wa kushoto. Alilifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu, akajaribu kama linatikisika, akaongeza wa nne. Aliondoka akipiga pedali kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mjamzito.

Mimi nikabaki nimesimama na kikombe. Mtu aliyezoea tofali akisimama, anakuwa mrefu kuliko alivyokumbuka.

"Nafasi ya Lenta iko wazi," alisema Betri.

"Ina mwenyewe."

"Sogeeni," alisema Monika. "Akija, mtasogea tena."

Jumatatu mkaguzi alikwenda Mollo kwa gari. Alishuka, upepo ukamkuta, akapandisha kola. Aliyatazama matofali kutoka pale aliposimama, kama hatua ishirini hivi. Akaandika neno moja kwenye karatasi: Zipo. Akarudi ndani ya gari. Alhamisi mabati yakafika, na habari yote hii Lenta alituletea mwenyewe, akiwa amefunga koti sawasawa.

"Kwa hiyo hakuhesabu," nikasema. Wakati huo tulikuwa wanne kwenye benchi la watu watatu, na mimi nilikuwa nimepewa nusu ya nafasi, nusu nyingine ya mwili wangu ikiwa kwa Mungu.

"Hakuhesabu hata moja."

"Basi nirudishie tofali langu."

Lenta alikunywa kahawa kwanza.

"Mzee Mnyororo," alisema, "mimi nakuheshimu kama baba. Lakini lile sasa liko ndani ya namba. Kupunguza tofali la serikali ni wizi."

Monika akaja na birika. "Niwamiminie kahawa ngapi?"

Mnada alitutazama mmoja mmoja kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho, akihesabu kwa ncha ya fimbo.

"Tano," alisema.

Monika akamimina tano.